Froukje Haanstra Anaondoka, Namba ya Hylke Bado Iko Ngazini

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, saa tisa alasiri, Dk. Froukje Haanstra atakabidhi ufunguo wa Chumba cha Jedwali na kustaafu rasmi, baada ya kuitumikia Taasisi yetu kwa takribani miaka arobaini na mmoja. Alianza kazi Jumatatu ya tarehe 3 Septemba 1984, akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, amelowa chapachapa, kwa sababu basi la kutoka kijijini kwao lilichelewa kidogo na yeye hakuwa tayari kulisubiri. Alipanda baiskeli akaja nayo hadi hapa Groningen kwenye mvua. Wanaomfahamu wanasema hajabadilika.

Nimeombwa mimi, ninayekaa meza inayotazamana na yake, niandike wasifu huu kwa ajili ya jarida la wafanyakazi na programu ya sherehe. Mchapaji ameshapiga simu mara mbili kuuliza uko wapi. Uko hapa, bwana, unaandikwa. Ila mwandishi hatulii. Kila nikimaliza aya nainuka kwenda kuchungulia mashine, nikirudi nakuta kahawa imepoa na sentensi niliyokuwa nayo kichwani imekimbia. Msomaji atanivumilia, na akifika chini ya ukurasa atajua ni kwa nini.

Kwa wageni watakaokuja siku hiyo na maua yao bila kujua tunafanya nini humu ndani: tunatunza jedwali la namba tasa kubwa. Namba tasa, kama mlivyosoma shuleni mkasahau, ni ile isiyogawanyika kwa namba nyingine isipokuwa moja na yenyewe. Tatu, saba, kumi na tatu. Hizo ndogo hazihitaji taasisi. Zetu zina tarakimu maelfu kwa maelfu, na kila moja ina mstari wake: ina urefu gani, nani aliiona kwanza, ina tabia gani. Mwishoni mwa mstari kuna alama. Ama ni vema, yaani imethibitishwa, ama ni alama ya kuuliza. Katikati ya hizo mbili hakuna kitu, na aliyehakikisha hakuna kitu ni Froukje.

Miaka yake ya kwanza aliitumia kulisahihisha jedwali la zamani, lile la vitabu vinene vilivyochapwa kabla hajazaliwa. Aligundua humo namba iliyokuwa imekaa miaka mingi kwa heshima zote za utasa, kumbe inagawanyika. Akaifuta kwa wino mwekundu, halafu akamwandikia mjukuu wa aliyeiingiza ili kumpa pole. Baadaye ndiye aliyelihamisha jedwali zima kutoka vitabuni hadi kwenye kompyuta, na katika kuhama huko haikupotea namba hata moja. Mwaka 2004 alikabidhiwa jedwali lote kuwa mtunzaji wake. Amefundisha watu ambao leo wana vyuo na idara zao, na wote, wakituandikia barua, huweka neno "labda" mahali pake.

Kuna namba aliyokuwa akiipenda kwa namna ya pekee, nayo ni mia tatu arobaini na moja. Ukiipa mtihani mmoja maarufu wa utasa inapita bila kutetereka, kumbe ni kumi na moja mara thelathini na moja. Mtu akiingia chumbani akisema jambo fulani ni hakika kabisa, Froukje hakubishana naye. Alisema tu, "Mia tatu arobaini na moja," akaendelea na kazi. Profesa Alderliesten, mkurugenzi wetu, aliambiwa hivyo siku aliyotangaza kwamba bajeti imepita. Bajeti ilirudishwa wiki iliyofuata.

Na kukaa kitini hawezi. Saa nne asubuhi, wakati wa kahawa, sisi tunakaa, kila mmoja anachukua biskuti yake moja na bati linafungwa, ndiyo desturi. Yeye huila ya kwake amesimama dirishani, akitazama mfereji, akigonga kioo kwa kucha mpaka unatamani kumshika mkono. Akifikiri hutembea ukumbini kwenda na kurudi. Fundi aliyekuja kubadilisha zulia aliuliza kama tunapitisha mikokoteni upande ule.

Wengi wameniomba nisiache kisa cha kufuli. Froukje aliwahi kufunga baiskeli yake mbele ya kituo cha treni kwa kufuli la tarakimu nne, akasahau ni namba gani. Alichokumbuka ni kwamba lazima ilikuwa tasa. Akachuchumaa akaanza kuzijaribu tasa zote kwa mpangilio. Polisi mmoja, akiona mama wa makamo anahangaika na kufuli kwa muda mrefu hivyo, akamsogelea.

"Bibie, hiyo baiskeli ya nani?"

"Yangu. Usinipoteze, nimefika elfu nne na tatu."

"Elfu nne na mbili umeijaribu?"

"Ya nini? Si inagawanyika kwa mbili!"

Polisi akamwacha. Aliwaambia wenzake kituoni kwamba mwizi hawezi kujibu hivyo.

Nimetoka kuchungulia. Bado. Tuendelee.

Ili niseme jambo lenyewe la wasifu huu, lazima nieleze mikate yetu. Nchini humu mtoto akizaliwa, kazini huliwa mikate mikavu ya duara, iliyopakwa siagi na kunyunyiziwa punje za kiungo cha anisi zenye ganda la sukari, za waridi kwa msichana na za bluu kwa mvulana. Sisi namba ikithibitishwa tunaihesabu kuwa imezaliwa, na mikate inaliwa. Rangi haina ubishi: gawanya namba kwa nne. Ikibaki moja, waridi. Ikibaki tatu, bluu. Tofauti hiyo si ya mchezo. Namba tasa za waridi zote huwa ni jumla ya miraba miwili. Kumi na tatu, kwa mfano, ni nne na tisa, yaani mbili mara mbili na tatu mara tatu. Za bluu haziwezi, hata uzilazimishe. Jaribu thelathini na moja, utachoka. Ndiyo maana jedwali letu lina safu ya miraba miwili, na kwa namba za bluu safu hiyo huachwa wazi.

Sasa ona kumi na tatu na thelathini na moja. Ni namba moja iliyosomwa kutoka mbele na kutoka nyuma, na pande zote mbili ni tasa. Namba za namna hii zipo, ila kubwa zake ni adimu sana, na aliyezisaka kuliko mtu yeyote hapa ni Hylke Zijlema. Hylke alikuwa mwenzake Froukje wa meza kwa miaka ishirini, mkubwa wake kwa umri na kwa cheo, mcheshi, mvivu wa kufuta ubao. Mwaka wake wa mwisho kazini, huo huo wa 2004, aliipata. Tarakimu zaidi ya elfu nane, inaanza na tisini na moja, inaishia na kumi na saba. Aliipa kila mtihani uliokuwepo, ikapita yote. Akaigeuza, nayo ikapita yote. Alitaka kitu kimoja tu, namba yake iingie kwenye jedwali na alama ya vema kabla hajaagwa.

Mitihani hiyo, hata iwe mingi namna gani, husema tu kwamba namba inaelekea sana kuwa tasa. Uthibitisho ni kazi nyingine. Froukje ndiyo kwanza alikuwa amekabidhiwa jedwali. Akaweka alama ya kuuliza.

Waliokuwepo wanayakumbuka maneno yao, maana yalisemwa ukumbini, milango wazi.

"Dalili ya mvua ni mawingu, Froukje," Hylke alisema.

"Hapa kwetu mawingu yapo mwaka mzima, Hylke. Ningebeba mwavuli mpaka kitandani."

"Wewe unajua kabisa ni tasa."

"Sijui. Na wewe hujui."

"Basi sema unaniamini."

"Jedwali halina safu hiyo."

Siku ya kuagwa kwake Hylke aliondoka kabla ya hotuba. Hawakugombana, wala hawakuacha kuonana. Kila Jumapili kwa miaka ishirini na moja Froukje amekwenda kunywa naye kahawa, kwanza nyumbani kwake, na sasa kwenye nyumba ya wazee huko Haren. Wanazungumza hali ya hewa, wajukuu, bei ya viazi. Namba hiyo hawakuigusa tena. Wengine husema alikuwa na roho ngumu. Mimi niliyekaa mbele yake nasema lilimuuma, na lilimuuma kila siku.

Kwa miaka mingi mashine zetu hazikuwa na ubavu wa kazi hiyo. Zilipopata ubavu, foleni ya namba ilikuwa ndefu, na Froukje si mtu wa kuruka foleni hata kwa rafiki. Zamu ya namba ya Hylke ilifika mwaka huu, baada ya Pasaka. Hylke ana miaka themanini na sita, moyo wake umechoka, na madaktari hawafichi. Froukje alikuwa anastaafu Juni. Mnaona wenyewe kwa nini hakukuwa na amani humu ndani.

Uthibitisho wa namba ya namna hii ni kama kushuka ngazi gizani. Mashine inatafuta namba ndogo zaidi ambayo, ikiwa ni tasa, basi ile kubwa nayo ni tasa. Ikiipata, imeshuka daraja moja. Kisha inatafuta nyingine chini ya hiyo, na nyingine, mpaka ifike kwenye namba ndogo ambayo mwanafunzi anaweza kuikagua kwa penseli. Taabu ni kwamba daraja linalofuata wakati mwingine halipatikani. Hapo mashine hupanda tena juu na kujaribu njia nyingine, na hakuna ajuaye itachukua muda gani. Majira yote ya kuchipua tuliishi hivyo. "Imeshuka!" na kabla hujameza kahawa, "Imepanda tena." Froukje alitembea ukumbini mpaka mimi nikaumwa miguu. Nilianza kuota ngazi. Profesa Alderliesten, ambaye moyo wake ni mzuri, alimwita akamshauri.

"Froukje, mwambie tu mzee wa watu kwamba ni tasa. Uwezekano wa kukosea ni mdogo kuliko wa paa hili kutuangukia."

"Paa limekaguliwa," Froukje akasema. "Namba haijakaguliwa."

Mapema mwezi huu, asubuhi ya Jumanne, mashine ikafika chini. Hati ya uthibitisho ikatoka nzima, daraja kwa daraja. Sikuwa nimewahi kumwona Froukje akilia, na siku hiyo alilia waziwazi, pua imemwiva, huku anacheka na kunikumbatia mimi, ambaye alikuwa hajanipa hata mkono tangu harusi yangu. Mimi nilitazama mwisho wa namba kwenye hati, nikagawanya kwa nne, ikabaki tatu, nikakimbilia dukani kununua punje za bluu. Nikapaka siagi, nikanyunyiza, nikampangia mikate kwenye kopo. Akalifunga kopo nyuma ya baiskeli akaenda Haren. Alirudi anaimba. Froukje, anaimba! Alisema Hylke alimshika mikono muda mrefu bila kusema neno, kisha akala mikate mitatu.

Kesho yake asubuhi alikaa, au tuseme aliegemea meza, ili aujaze mstari wa Hylke kwenye jedwali. Akafika kwenye safu ya miraba miwili.

"Rinske," akaniita. "Mashine inakataa kunipa miraba."

"Si ya bluu? Jana nilinunua za bluu."

"Ya Hylke ni ya waridi. Inaishia na kumi na saba."

"Hii inaishia na kumi na tisa."

Froukje alifungua hati, akatazama mwanzo wa namba. Ilianza na sabini na moja. Tulikuwa tumeithibitisha namba ya Hylke iliyogeuzwa, ile ya kutoka nyuma kwenda mbele.

Nieleze kosa lilivyotokea, maana nadhani hakuna ofisi nyingine duniani ambayo lingeweza kuingia kwa mlango huu. Programu ya zamani ya Hylke iliandika namba kuanzia mkiani, kwenye mamoja, kama unavyojumlisha kwa mkono. Ya sasa husoma kuanzia kichwani. Froukje alipoingiza faili alifanya ukaguzi wetu wa kawaida, yaani kuhesabu tarakimu na kuzijumlisha. Zote mbili zilikuwa sawasawa. Ukiigeuza namba, tarakimu ni zile zile, na jumla yake haijali umeanzia upande gani. Karibu kila namba nyingine ikigeuzwa isingekuwa tasa, na mashine ingegoma siku ya kwanza. Hii ya Hylke, kwa sifa yake hiyo hiyo aliyoisaka miaka yote, haikugoma. Ilituachia tushuke ngazi ndefu kuliko zote, tukashuka ile isiyo yetu.

"Mia tatu arobaini na moja ni mimi," Froukje alisema, na hakuwa anatania.

Aliianzisha mashine upya saa ile ile, kwa namba yenyewe, kichwa kikiwa mahali pa kichwa. Kisha akachukua koti la mvua. Mimi na Profesa tukamzuia mlangoni, na siwezi kusema tulikosea kumzuia. Mzee alikuwa na furaha. Moyo wake ulikuwa mbovu. Ngazi ya pili ilikuwa imeanza, huenda ikamalizika, na hakuna ambaye angejua tofauti.

"Nitajua mimi," alisema.

"Ni uongo mdogo, mama, wa siku chache tu," nikamwambia. "Tena hukuusema kwa makusudi."

"Jana haukuwa wa makusudi. Nikikaa hapa mpaka leo jioni, utakuwa."

Akashuka ngazi. Nikapanda baiskeli yangu nikamfuata, kwa sababu uso wake ulinitisha. Upepo ulitukabili njia nzima, kama kawaida ya upepo wa huku, na yeye hakupunguza mwendo hata mara moja.

Hylke alikuwa kwenye kiti cha dirishani, na ndara za manyoya miguuni. Froukje hakuvua koti.

"Hylke, jana nimekudanganya."

"Kaa kwanza."

"Sikai. Namba niliyokuletea siyo yako. Ni yako iliyogeuzwa. Niliingiza faili kinyumenyume. Yako bado ina alama ya kuuliza."

Mzee akanitazama mimi. "Huyu ndiye aliyepaka siagi?"

"Ni mimi, mzee."

"Siagi ilikuwa kiduchu." Kisha akamgeukia. "Punje zilikuwa za bluu, Froukje. Yangu ni ya waridi. Nililijua hilo kabla hujavua glavu."

Froukje akauliza, "Sasa mbona ulinyamaza? Ukala mitatu!"

"Ulikuwa unalia kwa furaha. Miaka yote hii unakuja hapa Jumapili umekaza uso, mtu angedhani unakuja kutumikia kifungo. Jana ulikuja kama rafiki yangu. Nikukatize kwa sababu ya baki?" Akapumua kidogo, maana maneno mengi yanamchosha. "Halafu, kwani yule wa bluu si amezaliwa kweli? Naye ni wangu. Lazima mikate yake iliwe."

Nilicheka, nikaona aibu kwa kucheka, kwa sababu Froukje hakucheka. Na hapo nikaona jambo ambalo katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kuliona. Alivuta kiti akakaa. Alikaa kabisa, mgongo kwenye egemeo, koti la mvua linachuruzika sakafuni.

"Nimeianzisha upya," alisema. "Sijui itafika lini. Huenda isifike kabla..."

"Kabla sijafa. Sema tu, nina miaka themanini na sita."

"Kabla hujafa. Hylke, yako sijaithibitisha. Sijui kama ni tasa." Akamwinamia. "Lakini naamini ni tasa. Niliamini siku ile ile ukumbini. Niliamini tangu uliponionyesha."

Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, nami nikadhani moyo umemsumbua, nikaanza kutafuta kengele ya muuguzi. Haukuwa moyo. Alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa sweta.

"Ungeniambia hivyo siku ile," alisema, "nisingeondoka."

"Sikujua kama inaruhusiwa."

"Inaruhusiwa, Froukje. Haiandikwi kwenye jedwali, basi."

Niliwaacha wawili hao nikaenda kusimama kwenye korido. Kwa mara ya kwanza mwaka huu sikuwa na hamu ya kujua mashine imefika wapi.

Hamu imerudi, bila shaka. Naandika haya Jumatatu ya wiki ya sherehe, na namba ya Hylke bado iko ngazini. Asubuhi ilishuka madaraja kadhaa, tukashangilia. Mchana ikapanda tena. Profesa aliniomba niandike hapa kwamba Froukje anaondoka huku kazi ya maisha yake ikiwa imetimia. Nilimwonyesha Froukje sentensi hiyo, akaikata kwa penseli. Hivyo basi naandika kilicho kweli. Namba iliyogeuzwa imethibitishwa, iko kwenye jedwali kwa jina la Hylke Zijlema, ikiwa na vema na safu ya miraba ikiwa wazi. Mstari unaofuata una jina lile lile na alama ya kuuliza. Aliiweka mwenyewe, na hataki mtu aifute kwa ajili ya kumpendeza yeyote, hasa yeye.

Amenikabidhi mimi jedwali. Naogopa, nalisema wazi. Yeye alikuwa na uwezo wa kuamini kitu miaka ishirini na moja bila kukiandika. Mimi nimeshindwa kukaa kitini kwa urefu wa wasifu mmoja.

Froukje, kwa niaba ya Taasisi nzima, ya Profesa Alderliesten, ya wanafunzi wako walio karibu na walio mbali, na ya meza inayotazamana na yako, asante kwa kazi yako yote. Asante kwa kila namba uliyoikubali, na zaidi kwa zile ulizozikatalia usoni petu tukiwa tumeshashika visu vya siagi. Namba ikifika chini nitakupigia simu wewe kwanza, nawe utakwenda Haren. Ikichelewa, utakwenda Haren hivyo hivyo, maana hiyo Jumapili sasa ina mazungumzo mengine kuliko bei ya viazi. Na isipofika kabisa katika siku zangu, nitaiamini kama ulivyoiamini, na kwenye jedwali sitaandika chochote.

Nenda salama, ukae chini pale utakapojisikia kukaa, na siku zako zilizobaki ziwe njema na nyingi.

Rinske Bouma
Chumba cha Jedwali